Sarafu ya Shaba Iliyovaa Weupe

Jumamosi, tarehe 4

Binti yangu kaniletea daftari hili. Kasema, "Baba, badala ya kugombana na kuta, andika." Haya, naandika. Asidhani ni kazi ya kunishinda. Mimi nilijifunza kusoma ndevu zikiwa zimeshaota, mama yake ndiye aliyenifundisha, na miaka hii ya mwisho, kabla hatujamzika, nikampita. Aliacha kusoma kabisa. Kila jioni ananipa gazeti: "Soma wewe, mzee wangu, sauti yako inanipumzisha." Namsomea mpaka matangazo ya viwanja. Wangapi walioanza na ndevu wakafika hapo?

Leo mvua ya kwanza. Ndogo, ya kutuliza vumbi. Nimekaa mlangoni nikaitazama. Nilikuwa nataka kumwambia mtu kwamba mvua imekuja.

Jumapili, tarehe 5

Nyumba kimya. Hata ile kelele ya sufuria lake asubuhi, tiki-tiki-tiki, niliyokuwa naigombeza kila siku, haipo.

Jumatatu, tarehe 6

Binti kaja kugawa nguo za mama yake. Nilikataa kuingia chumbani. Nimekaa nje na mvua inanirushia matone miguuni. Mara akaniita, "Baba, njoo uone."

Kwenye pindo la kitenge cha kupikia kulikuwa na fundo. Ndani ya fundo, sarafu. Sarafu ya zamani, zile nene za shaba nyekundu ambazo hakuna duka linalozipokea tangu binti hajazaliwa. Lakini hii si nyekundu. Ni nyeupe pande zote mbili, weupe wa kupoa, kama jicho la samaki. Pembeni tu, kwenye ukingo, wekundu unachungulia, na ukingo wenyewe umegongwagongwa.

Binti alinyoosha mkono aichukue. Nikaiwahi.

"Niachie, Baba. Nataka niiweke."

"Uiweke ya nini? Unaijua?"

Akatazama chini. "Ni ya mama tu."

Binti yangu hajui kudanganya. Amerithi uso wangu, kila kitu kinaandikwa hapo. Kuna jambo.

Mimi mjini hapa wananiita Bati. Kazi yangu ni kutia bati vyombo vya shaba kwa ndani, kwa sababu shaba tupu inaharibu chakula na inaumiza matumbo. Unapasha chombo moto, unayeyusha bati humo, unalifuta kwa pamba upesi upesi kabla halijaganda. Nimetia bati masufuria ya harusi, ya hoteli, ya jela. Chombo kilichotoboka sikipokei, nawaambia wapeleke kwa wanaonunua chakavu. Hakuna madini yanayonificha siri. Nanusa tu.

Hii sarafu nimeinusa. Inanuka nguo zake.

Jumanne, tarehe 7

Mvua.

Jumatano, tarehe 8

Nimefikiri. Mwanamke haweki sarafu moja kwenye fundo kwa miaka bila sababu. Haina matumizi. Basi kapewa. Na aliyempa kaipaka fedha ili ing'ae. Na mtu wa kupaka fedha vitu hapa mjini ni mmoja, yule sonara tunayemwita Vidole, ambaye kabla yangu alikwenda kumposa mke wangu.

Nimeandika sasa. Nilikuwa naogopa kuliandika.

Ijumaa, tarehe 10

Nimechemsha yai. Fedha na yai haviketi chumba kimoja, kiini cha yai kinaifanya fedha iwe nyeusi kama sufuria la mchawi. Nimeifukia sarafu ndani ya kiini nikafunika bakuli.

Jumamosi, tarehe 11

Sarafu imetoka nyeupe vilevile. Kingo nyekundu ndizo zilizopiga weusi kidogo. Basi si fedha.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Vidole anazo njia nyingi.

Yai nimelila.

Jumatatu, tarehe 13

Mvua sasa ni ya kweli, inaanza alfajiri mpaka adhuhuri. Binti kaja na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Baba, kaburi la mama linazama. Upande wa kichwa umeingia. Fundi mwashi kasema tukijenga sasa hivi, kabla mvua haijakolea, litasimama. Tukichelewa ni tope mpaka jua lirudi."

"Litasubiri."

"Lisubiri nini?"

"Lisubiri nijue nimemzika nani."

Alinitazama kama nimempiga kofi. Akaweka chakula mezani, akafungua mwavuli humo humo ndani ya nyumba, akatoka. Chakula kilikuwa kwenye sufuria la shaba la mama yake, lile alilorithi yeye. Nilipomaliza kula nikaona chini limebanduka bati, kiraka chekundu kizima. Nimeona aibu. Sufuria la mke wa fundi bati! Kila mwaka kabla ya mvua nalitia bati mimi mwenyewe, na kila mwaka linabanduka pale pale. Nilikuwa namwambia, "Unasugua na mchanga kama unasugua ngazi." Anacheka tu. "Utalitia tena, si wewe fundi?"

Jumatano, tarehe 15

Nimepitisha sumaku. Haivuti. Basi si nikeli.

Alhamisi, tarehe 16

Nimekwenda kwa Vidole. Duka lake lile lile, kioo kile kile, na yeye amebaki mifupa na miwani.

"Karibu, Bati! Leo umekuja kununua pete? Umri huu?"

"Sijaja kununua uchafu wako. Tazama hii."

Alibana kioo chake jichoni akaigeuza. Nilimtazama yeye, sikuitazama sarafu. Nilitaka nione uso ukibadilika. Haukubadilika. Ana uso mgumu, mtu huyu.

"Umeipata wapi?"

"Nimekuja kuuliza, sikuja kuulizwa."

"Zebaki hii. Tulikuwa tunasugua sarafu na zebaki tukiwa watoto, ionekane fedha. Hukumbuki?"

"Zebaki haikai. Ukiishika siku mbili tatu imefifia. Hii ina miaka."

"Umejuaje kama ina miaka?"

Nikanyoosha mkono. Akanirudishia. Halafu akasema, taratibu, "Pole tena na msiba, ndugu yangu. Mwaka jana nilikutana naye pale kwenye njia ya sokoni. Nikamsalimia kwa mkono. Akanipita hivi, kama hanioni. Nikajisemea, labda nimemkosea jambo."

Nimerudi na mvua kichwani bila kuihisi. Kwa nini mwanamke ampite mtu anayemjua tangu usichana, amemnyooshea mkono, kama hamwoni? Ni mtu mwenye jambo. Mtu asiye na jambo anaitikia salamu.

Ijumaa, tarehe 17

Sikula.

Jumapili, tarehe 19

Nimelala sebuleni kwenye mkeka. Kitanda chetu siwezi.

Mambo yanarudi. Miaka hii miwili alikuwa amebadilika. Aliacha kushona. Akimimina chai anatia kidole ndani ya kikombe, nikamwambia, "Mama, unaosha kidole kwenye chai yangu?" akacheka. Jioni akawa ananishika uso, anapitisha vidole kwenye nyusi, kwenye kidevu, kama ananipima bei. Nilifikiri ni mapenzi ya uzeeni. Nikawatangazia na wenzangu kijiweni, "Mke wangu ananipenda kuliko tulipooana."

Sasa nauliza, alikuwa anaagana?

Jumanne, tarehe 21

Mvua imevunja mfereji wa nyuma. Binti hajaja.

Jumatano, tarehe 22

Kuna mama mmoja anauza vitu vya kale karibu na stesheni, saa zilizokufa, picha za watu wasiojulikana, sarafu za nchi zilizobadilisha majina. Mwanamke mnene, hana haraka. Aliitazama sarafu muda mrefu. Aliutazama ukingo kuliko uso.

"Si fedha, mzee."

"Najua si fedha. Mimi nimeshika madini kabla hujazaliwa."

"Na wala haikupakwa."

"Haikupakwa? Weupe umejiota wenyewe kama ukoko?"

"Angalia hapa kwenye herufi. Mtu akipaka, rangi inajaa shimoni na inakonda juu, au unaona mstari wa kitambaa. Hapa weupe umekaa sawa kila mahali. Hakuna mkono. Hii kama imepikwa."

Nikacheka mpaka wateja wakageuka. "Imepikwa! Na vitunguu?"

"Sijui na nini," akasema, wala hakukasirika. "Na imecheza sana. Kingo hizi zimegonga kitu kigumu mara nyingi mno."

Kapewa duka, anajiona daktari. Sarafu imepikwa!

Ijumaa, tarehe 24

Nimerudi kwa Vidole. Nimemwambia yote usoni. Nimemwambia ilikuwa kwenye fundo la nguo ya mke wangu, aniambie lini alimpa.

Alivua miwani. Nilifikiri atanipiga, nikajiandaa, maana bado nina mikono.

"Bati. Miaka yote hii?"

"Jibu."

"Mimi nilipokwenda kuposa, alitoka yeye mwenyewe uani. Hakumwachia shangazi yake aseme. Akaniambia, nisamehe kaka, mimi namtaka yule mwenye masizi mikononi. Nikamwuliza, yule anayejisifu vile? Akasema, mwache ajisifu, mimi nitakuwa namsikiliza." Akafuta miwani kwa shati. "Sijawahi kumpa hata sindano. Toka dukani kwangu."

Nimetoka. Simwamini. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema ili niyatafutie kosa. Nimeyasoma mara nyingi. Sijaliona kosa.

Jumamosi, tarehe 25

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nimesikia makaburi ya bondeni yamejaa maji.

Jumapili, tarehe 26

Binti kaja. Hakukaa. Alisimama mlangoni, matope mpaka magotini.

"Nimetoka kwa mama. Nimeweka mawe pembeni nimeshindwa, yanazama nayo. Baba, nimekuomba kama mtoto. Sasa nakuuliza kama mtu mzima. Amekukosea nini?"

Nikamwonyesha sarafu. "Niambie wewe. Wewe unajua."

"Niliapishwa."

"Na nani?"

"Na yeye."

Basi. Hata mtoto alijua. Nimemwambia aondoke, na ameondoka.

Jumatatu, tarehe 27

Leo nimeamua kumaliza. Nimewasha jiko langu la kazi, ambalo halijawashwa tangu msiba. Nikasema, kama hataki kusema yeye na hataki kusema mtoto, itasema yenyewe. Moto haujawahi kunidanganya.

Nimeishika sarafu kwa koleo juu ya makaa, mbali kidogo. Nimengoja. Zebaki ingepanda moshi. Fedha isingejali. Mara ule weupe ukalegea, ukang'aa kama jicho linapojaa maji. Mkono wangu ukafanya wenyewe, bila mimi kuuambia, ukachukua pamba ukafuta. Na weupe ukakimbia mbele ya pamba.

Hakuna kitu duniani kinachokimbia hivyo mbele ya pamba ila kimoja. Nimekiona kikikimbia hivyo tangu nikiwa mwanagenzi.

Bati.

Nimekaa chini pale pale kwenye maji ya mvua. Fundi bati mjini hapa ni mimi peke yangu. Na mimi sijatia bati sarafu maishani mwangu. Ningekuwa nimetia mimi, ungeona mstari wa pamba, mkono wangu naujua kuliko uso wangu. Na kama si mimi, nani?

Nimeisikia sauti ya yule mama wa vitu vya kale. Hakuna mkono. Imepikwa. Imecheza.

Na ndipo nikakumbuka kile kiraka chekundu.

Jumanne, tarehe 28

Nimekwenda kwa binti yangu. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya nyumba yake, tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Nipe sufuria la mama yako."

Akalileta. Nikaliweka mapajani, nikatoa sarafu, nikaidondosha ndani. Ikazunguka, ikatulia. Pale kati, ndani ya kile kiraka. Nikalitikisa sufuria kidogo.

Tiki-tiki-tiki.

Binti akaweka mkono mdomoni.

"Niambie," nikasema. "Kiapo chake nakibeba mimi."

Akaniambia. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, sufuria katikati yetu.

"Mama alikuwa haoni, Baba. Ilianza pembeni, halafu katikati, halafu mwisho alikuwa anaona mwanga wa dirisha tu. Ile sarafu alikuwa anaitia ndani ya sufuria, chini kabisa. Maji yakichemka inacheza, yakipungua inabadilisha sauti, yakikauka inanyamaza. Ndivyo alivyokuwa anajua wakati wa kuepua. Akimaliza anaifunga kwenye pindo isimpotee."

"Miaka miwili?"

"Zaidi kidogo."

"Na kila asubuhi..."

"Kila asubuhi maji yako ya maganda ya ndimu. Ya kifua chako. Alikuwa anamkatalia mtu mwingine yeyote asiyachemshe."

Ndimu. Hapo ndipo nilipoelewa kama fundi, na nilitamani nisiwe fundi. Maji makali ya ndimu yanalitafuna bati, kidogo kidogo, na shaba iliyolala humo inalipokea, wala hakuna mkono unaogusa. Sisi wenyewe zamani tulikuwa tunafanya pini nyeupe hivyo, tunazichemsha na vipande vya bati katika maji makali. Nilijua! Nilijua kabla Vidole hajaota meno ya utu uzima, na bado nilitafuta mkono wa mwanamume. Bati nililolitia mimi, kwa ajili yake. Likabanduka kwa maji ya kifua changu. Likahamia kwenye sarafu yake.

"Kwa nini asiniambie mimi?"

Mvua ikatupa nafasi, ikapungua ghafla.

"Alisema, baba yako akijua atanikalisha kwenye kiti. Hatanipeleka kwa wanaonunua chakavu, ana moyo, lakini atanikalisha kama chombo kilichotoboka. Na mimi nataka kumpikia."

Jumatano, tarehe 29

Soma wewe, mzee wangu, sauti yako inanipumzisha.

Alhamisi, tarehe 30

Nimekwenda bondeni. Binti kanishika mkono kwenye mteremko na sikuukataa. Limezama lote. Ukingo mmoja umekwenda na maji, kibao kimeinama. Fundi mwashi alikuwepo akamtazama binti, hakunitazama mimi. "Kwa tope hili saruji haishiki, mzee. Mpaka jua."

Nimepiga magoti nikakusanya udongo kwa mikono. Unakuja na kurudi. Fundi akataka kunizuia, binti akamwambia, "Mwache." Mikono hii imetia bati masufuria ya mji mzima na haikuweza kuusimamisha udongo wa kaburi moja.

Nilimwambia kitu pale. Hicho sikiandiki.

Ijumaa, tarehe 1

Nimepita kwa Vidole. Nimesimama nje ya kioo. Alitoka na kiti akakiweka kibarazani, akarudi ndani kuendelea na kazi. Nimekaa hapo mpaka mvua ikapita. Nilipoinuka nikamwambia, "Hakukupita kwa dharau. Hakukuona." Akasimamisha tupa. Akaitikia kwa kichwa tu, akageukia ukuta.

Jumapili, tarehe 3

Sufuria ninalo mimi. Nimefumba macho nikajaribu kuchemsha maji ya ndimu kama yeye. Nimeungua vidole.

Jumatatu, tarehe 4

Nimejaribu tena. Nimeyamwaga.

Jumatano, tarehe 6

Nimefumba macho tena, nimeshindwa kukipata kikombe na kilikuwa mbele yangu. Nilitia kidole ndani nijue pamejaa wapi. Chai ilikuwa ya moto na sikukitoa.

Ijumaa, tarehe 8

Binti kanikuta jikoni nimefumba macho, nimeshika ukuta. Kacheka, halafu kalia, halafu kaniuliza kama nitalitia bati upya sufuria, maana kiraka kimekua. Nimesema hapana. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimekataa kutia bati chombo kizima. Ningelitia, ningefunika mahali alipokuwa anasikilizia.

Jumanne, tarehe 12

Jua. Fundi mwashi kaanza na mawe ya msingi. Kasema wiki hii litasimama.

Jumamosi, tarehe 16

Limesimama. Zuri. Nimepitisha mkono juu yake nikiwa nimefumba macho na sikupata kosa, nikamwambia fundi hivyo, na mimi si mtu wa kusifu kazi ya mwingine.

Asubuhi kabla ya kwenda niliweka sufuria jikoni, maji, maganda ya ndimu, na sarafu chini. Nilikaa kwenye kiti kile nilichokuwa nakaa, mgongo kwa jiko, gazeti mkononi. Maji yakachemka. Ikaanza. Tiki-tiki-tiki.

Nikasema, kama nilivyokuwa nasema kila siku, "Ondoa hiyo kelele, mama!"

Nikangoja.

Hakuna aliyeiondoa. Nikaiacha ilie, ikapungua, ikabadilisha sauti pale pale binti aliposema itabadilisha, mpaka maji yakaisha na ikanyamaza yenyewe.